Mlango uliogeuzwa dirisha: nyumba ya tofali ya 1665 kule Surry

Kuna nyumba moja ya shamba huku Virginia, kaunti ya Surry, ng'ambo ya mto James ukitokea Williamsburg, imejengwa kwa tofali za kuchoma mwaka 1665 na mpaka leo imesimama, kuta zilezile, gebo zilezile (zile kuta za ncha za nyumba zinazopanda hadi paa), dohani zilezile. Ramani na vibao vya barabarani vinaiita Bacon's Castle. Sasa usije ukaenda unatarajia ngome, hakuna ngome pale, na huyo Bacon mwenyewe, mwasi wa 1676 nitakayefika kwake baadaye, hakuwahi kuishi humo wala hakuna ushahidi kwamba alitia mguu. Ni nyumba ya mkulima tajiri wa tumbaku, Arthur Allen, na kwa muda mrefu watu walikuwa wanaiita tu nyumba ya tofali ya Allen, na hiyo ilitosha kabisa kuelekeza mtu, maana enzi hizo jirani zake karibu wote walikaa kwenye nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo zilizochimbiwa ardhini, mchwa na unyevu vikazimaliza baada ya miaka michache, ndo maana leo huzioni.

Wanaoitunza wanasema ni nyumba ya kuishi ya tofali ya zamani kuliko zote Marekani ambayo tarehe yake imethibitishwa. Zamani vitabu vilikuwa vinaandika 1655. Baadaye wataalamu wakachukua vipande vya mbao za nyumba yenyewe wakahesabu pete zake, zile duara ambazo mti unaongeza kila mwaka, wakakuta miti ilikatwa 1665. Kwa hiyo nyumba ikapunguziwa miaka kumi, na sifa yake haikupungua hata kidogo.

Watu wengi wanaenda pale kuona ukongwe. Mimi niliendea viraka. Kazi yangu huku ni finishi za ndani, kutwa nzima jipsamu na skrubu, nyumba inaanza mwezi huu na mwezi wa nne ushakabidhi funguo, na tunaporudi kufanya ukarabati miaka kumi baadaye hakuna cha kusoma ukutani, tunang'oa tunatupa tunaweka nyingine. Ukuta wa tofali hauko hivyo. Ukiziba mlango unabaki unaonekana, ukipanua dirisha unaonekana, ukibadilisha fundi katikati ya kazi unaonekana. Na hii nyumba imeguswa na kila kizazi kilichopita hapo, kila mmoja alitaka iwe ya kisasa kwa usasa wa siku zake, na sijaona mahali pengine ambapo unaweza kusimama sehemu moja kwenye nyasi na ukaona mabishano ya miaka karibu mia mbili yamewekwa kwenye ukuta mmoja.

Tuanze na alichojenga Allen. Ukiiangalia kutoka juu nyumba ina umbo la msalaba. Mwili wake ni mstatili, ghorofa mbili na dari juu yake na chumba cha chini ya ardhi, afu katikati mbele kuna mnara wa ukumbi wa kuingilia unaotokeza nje, na nyuma yake sawa kabisa na ule wa mbele kuna mnara mwingine uliobeba ngazi. Hiyo ya kutoa ngazi nje ya mwili wa nyumba naipenda sana, maana vyumba havikatwi, na ule wa mbele nao juu yake unapata chumba kidogo kizuri cha kukaa na kuangalia nani anakuja. Kila ncha ya nyumba ina gebo, lakini sio gebo ya pembetatu tuliyoizoea, hii inapanda kwa mikunjo, inapinda inakata kona inapinda tena mpaka kileleni, mtindo uliotoka Uholanzi na Ubelgiji ukapitia Uingereza ndo ukavuka bahari. Na nje ya kila gebo zimepanda dohani tatu tatu, kila moja imejengwa peke yake na imegeuzwa pembe, yaani ukisimama mbele unaona kona yake, huoni bapa lake.

Gebo ile na dohani zile hazikuwa za lazima, moshi ungetoka tu kwenye bomba moja kubwa la kawaida. Hapo Allen alikuwa anaongea na watu. Mtu aliyepita sehemu zile miaka ile akiona zile dohani sita zimepanda juu ya paa anajua huyu bwana hana haraka ya kurudi Uingereza. Na mtindo wenyewe kule Uingereza ulikuwa ushapitwa, ulivuma zaidi mwanzoni mwa karne ile, kwa hiyo Allen alijenga kitu cha fahari ambacho mtu wa London angekiona cha kizamani. Mambo haya yapo hata kwetu, wewe umeshaona nguzo za kiroma Goba na Kimara.

Nyumba kubwa za mtindo huu zilizobaki upande huu wote wa dunia, kaskazini na kusini, zinahesabiwa tatu. Hii, na nyingine mbili ziko Barbados, Drax Hall na St. Nicholas Abbey. Tumbaku huku, miwa kule. Ukijua hilo tayari umeshaanza kujua hela ya tofali ilitoka wapi, nitarudi hapo.

Nilipofika karibu na ukuta nikampigia video mjomba wangu Mafinga, yeye ni fundi mwashi na amechoma tofali tangu sijazaliwa. Shikamoo mjomba, marahaba mpwa, uko wapi leo huko, nikamgeuzia kamera bila kusema kitu. Akakaa kimya afu akaniambia sogea, sogea zaidi, sasa shuka chini. Kitu cha kwanza alichokiona ni mpango wa kulaza. Kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, tofali zimelala kwa urefu, kozi ya juu yake zote zimelazwa kwa kichwa zikaingia ndani ya ukuta, inayofuata urefu tena, mpaka juu. Akasema huyo fundi hakubana tofali, maana kulaza kwa kichwa kunakula tofali nyingi sana lakini ukuta unashikana mbele na nyuma, huwezi kuusukuma. Baadaye kidogo Virginia waliacha kulaza hivyo sehemu za mbele wakahamia mpango mwingine ambao kwenye kozi hiyohiyo unachanganya, kichwa, urefu, kichwa, urefu, kwa sababu unapendeza machoni, na ukizunguka mkoa huo unaweza kukadiria umri wa nyumba kwa hicho tu.

Cha pili akaniuliza hizo nyeusi nyeusi zimeungua? Ndio zimeungua. Tofali zile hazikuletwa na meli kutoka Uingereza kama wazee wa pale wanavyopenda kusimulia kuhusu kila nyumba ya kale ya Virginia. Udongo wa mfinyanzi upo palepale chini ya miguu na kuni zipo, mtu akapakie tofali melini ili iweje. Zilifyatuliwa kwa kibao, zikaanikwa, zikapangwa tanuru, likaachiwa midomo ya kuingizia kuni, likawashwa moto usiku na mchana kwa siku kadhaa. Ni kazi ileile ya Iringa na Mbeya, na matokeo ni yaleyale, zilizokaa karibu na midomo zinaiva kupita kiasi zinakuwa nyeusi zambarau na nyingine zinajipinda, za katikati zinatoka nyekundu nzuri, za nje kabisa zinabaki na rangi ya machungwa, hafifu, mvua mbili zinaanza kumong'onyoka. Kwenye ukuta ule zote tatu zipo, na utaona aliyekuwa anajenga alikuwa anachagua, zile hafifu hazikupewa nafasi za nje zenye kupigwa na mvua.

Mota sasa. Hapa ndo nikafurahi mwenyewe. Eneo lile halina mawe ya chokaa ya kuchimba, ni tambarare ya mchanga na matope hadi baharini, kwa hiyo chokaa yao ilikuwa ni magamba ya chaza, yanakusanywa kwa malundo, yanachomwa, yanamwagiwa maji, yanasagika yanakuwa unga mweupe. Na mpaka leo ukiangalia mota za kale za sehemu zile kwa karibu unaona vipande vidogo vyeupe vya gamba ambavyo havikuungua sawasawa, vimekaa kwenye maungio. Mjomba hakuamini mpaka nikamsogezea kamera. Ila watu wa Kilwa, Lamu na Unguja hamtashangaa hata kidogo, nyie mlichoma matumbawe karne nyingi kabla Allen hajazaliwa na misikiti yenu bado ipo. Bahari ikikunyima jiwe inakupa mifupa yake.

Nani alichoma na nani alilaza, majina hayapo. Allen alifika koloni miaka ya 1640 mwishoni, akafa 1669, miaka minne tu baada ya nyumba, hakuila sana. Wafanyakazi wa mashamba ya tumbaku wakati huo wengi walikuwa Waingereza maskini waliojifunga mkataba wa miaka kadhaa kulipia nauli ya meli, na pamoja nao Waafrika, kwani wale wa kwanza waliotoka Angola walishushwa Point Comfort, mlangoni mwa mto huuhuu, mwaka 1619. Miaka mitatu kabla ya hizi tofali, yaani 1662, bunge la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto anafuata hali ya mama yake, mama akiwa mtumwa basi na mtoto mtumwa, hata baba awe ni nani. Kwa hiyo wakati Allen anapandisha gebo zake za madaha, sheria ya kumpa mwanawe watu wa kurithi ilikuwa ishaandikwa.

Jina la Bacon linaingia hapa, nipitie haraka kwa sababu kila mtu anaandika hiyo sehemu. 1676 kijana mmoja tajiri, Nathaniel Bacon, alimwasi gavana William Berkeley, akachoma moto mji mkuu wa Jamestown mwezi wa tisa, mwezi wa kumi akafa kwa kuhara damu. Allen mdogo, mtoto wa mjenzi, alikuwa upande wa gavana, basi watu kama 70 wa upande wa Bacon wakaivamia nyumba yake wakakaa humo zaidi ya miezi mitatu, wakachinja ng'ombe, wakanywa mvinyo, wakatumia mashuka. Baadaye Allen akawapeleka mahakamani kudai fidia. Jina la Bacon's Castle lilikuja baadaye sana watu walipoanza kupenda hadithi. Uasi wenyewe siufuatilii zaidi, mimi nyumba ndo imenileta. Lakini jambo moja lisiachwe, kwenye jeshi la Bacon walikuwemo Waingereza wa mkataba na Waafrika wakipigana bega kwa bega, wenye mashamba wakaogopa, na miaka iliyofuata wakazidi kuegemea utumwa kuliko mikataba. Pesa zilizofanya ukarabati wa nyumba hii karne mbili zilizofuata zimetoka huko.

Haya, viraka. Vizazi vya Allen vya karne ya 18 ndo walianza. Madirisha ya mwanzo yalikuwa ya kufungua kwa bawaba, na vioo vyake vilikuwa vidogo vidogo vya umbo la kashata vimeshikwa na vipande vya madini ya risasi, kwa sababu karne ya 17 kutengeneza kioo kikubwa bapa ilikuwa shughuli na bei yake haikamatiki. Karne ya 18 kioo kikaongezeka ukubwa, mtindo mpya ukawa dirisha la fremu mbili za mbao, moja unaipandisha juu ya nyingine. Kila mwenye nyumba akataka hilo. Sasa tatizo la tofali ni kwamba tundu ulilojengea dirisha la umbo fulani halipokei dirisha la umbo lingine hivihivi, lazima ukate pembeni, uzibe juu, ushushe chini, na kila ulipokata unalazimika kuziba kwa tofali nyingine na mota nyingine ya siku hiyo. Ukisimama upande mmoja wa dirisha jua likiwa limelala unaona ule mstari, tofali zinapoteza mpangilio, vipande vya nusu vimechomekwa, rangi inabadilika. Mjomba aliuona kabla yangu. Hapo walikata, akasema, na aliyekata sio aliyejenga.

Ndani nako kuta zikavikwa mbao, zile mbao za fremu fremu zinazopanda toka sakafuni, maana ukumbi wa mwanzo ulikuwa chumba kimoja cha kila kitu, kula, kulala wageni, kuandikiana mikataba ya tumbaku, na karne iliyofuata watu wakubwa walitaka chumba cha kupokelea wageni ambacho hakinuki moshi wala hakina shughuli nyingine. Mbao hizo nzuri, sikatai, kazi ya seremala imetulia. Ila zimefunika. Mimi kama mtu wa finishi najua kabisa mbao za ukutani zinafanya kazi gani, zinaficha ukuta ambao mwenye nyumba ameuchoka.

Mlango ndo ulioniweka pale muda mrefu kuliko vyote. Nimesema ule mnara wa mbele ndo ulikuwa mlango mkuu, unapita chini ya kile chumba kidogo unaingia ndani. Sasa hivi ukisimama mbele ya nyumba hakuna mlango. Pale unapoutarajia, katikati kabisa, chini, pana dirisha. Na juu ya hilo dirisha, ukutani, bado kuna pembetatu ya tofali imejengwa kwa kutokeza, kazi ya mkono mzito kidogo, ambayo mtu aliiweka kama taji ya mlango. Hakuna anayeweka pembetatu ya namna ile juu ya dirisha moja tu na kuyaacha mengine. Mlango uliondoka, taji likabaki. Nilimwonyesha mjomba, akacheka sana, akasema mpwa hao walichoka, kuvunja ile pembetatu ingekuwa kazi ya nusu siku tu, wangevunja wakaziba wakasahau, lakini kuna mtu alisema achana nayo, nani ataangalia.

Mlango ulihamia ubavuni, na kisa chake ni ile ekstensheni. Karibu 1854 shamba likiwa mikononi mwa familia nyingine, kwani ukoo wa Allen ulishaachia miaka ya 1840, palikuwa na nyongeza ya mbao ya zamani ubavuni mwa nyumba, ikaondolewa, pakajengwa jengo jipya kubwa la tofali kwa mtindo wa wakati huo, ule wa kuiga Ugiriki, kuta zimenyooka, paa limelala, hakuna mkunjo hata mmoja, na katikati ya jipya na la kale wakaweka kiungo kifupi cha kupitia. Kiungo hicho ndo kikawa mlango. Yaani kuanzia hapo ukija kumtembelea mwenye nyumba hupiti tena chini ya mnara, unapita kwenye mshono.

Watu niliokuwa nao kwenye matembezi walikuwa wanasema ekstensheni imeharibu, ingevunjwa. Mimi hapana. Kwanza ni kazi nzuri, vyumba vyake virefu, vina mwanga, mtu wa 1854 aliyekulia kwenye vile vyumba vya kale lazima alipumua. Pili walichofanya ni heshima kuliko wenzao wengi, hawakujenga juu ya nyumba ya kale, hawakuibandika usoni, walijenga pembeni wakaacha ile gebo na dohani zake zipumue. Lawama yangu ni moja tu na sio ya kiujenzi. Hela ya ekstensheni hiyo inaelezeka ukigeuka nyuma utazame ule uwanja, kuna nyumba ya mbao ya watumwa ya mwaka 1829 imesimama bado. Imeezekwa, imetunzwa, unaingia. Vyumba vyake unavimaliza kwa hatua chache na familia nzima ilikuwa inakaa humo. Nyumba za namna ile Virginia zilikuwa maelfu, zilizobaki ni chache sana, kwa sababu nani ahangaike kuzitunza. Ukitoka kwenye madirisha marefu ya 1854 nenda moja kwa moja pale usipitie kwingine, utaelewa vipimo.

Nirudi kwenye suala la kwa nini waliacha ile pembetatu, kwa sababu nimeishi na jibu lake tangu utoto. Nyumba ya babu Mafinga ni ya tofali za kuchoma, alijenga mwenyewe, nyasi juu, baadaye bati. Miaka ya tisini baba na wadogo zake wakachanga kuiboresha, wakapiga lipu na rangi ya krimu. Ila wamepiga mbele tu na ubavu unaoonekana barabarani. Ukizunguka nyuma jikoni ni tofali tupu na mota ya udongo na madirisha ya mbao ya babu. Yakaja madirisha ya aluminiamu, yakawekwa mbele. Mimi nikikaa nyuma pale kwa bibi kuonja viazi naona nyumba yenyewe ilivyokuwa, bibi hataki ipigwe lipu upande ule anasema joto la jikoni litaibandua tu mnapoteza simenti. Nyumba zetu zinabadilika kwa upande unaotazamwa na kwa kiasi cha hela iliyopo wiki hiyo, na ukitaka ya zamani fuata hela ilipoishia.

Surry nako hela iliisha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 mpaka 1865 vikamaliza utumwa na vikawamaliza wenye mashamba wa aina ile. Familia ya Hankins ndo iliyokuwa na nyumba wakati huo, binti yao mmoja, Virginia, aliwahi kuposwaposwa na mshairi Sidney Lanier alipokuwa askari maeneo yale, hayakufika popote, na baada ya vita wakashindwa kuendelea wakauza. Wakaja ukoo wa Warren, wakulima, wakalima na kuishi humo hadi 1972. Katika karibu miaka mia hiyo hakuna aliyetia mkono mkubwa kwenye kuta. Sio kwamba walikuwa wahifadhi, ni watu wa shamba, nyumba inazuia mvua, inatosha. Laiti wangekuwa na hela za 1854 zile gebo zingeshushwa zikawa za pembetatu na dohani zingeunganishwa kuwa moja, kama ilivyotokea kwingine, na leo tusingekuwa na cha kwenda kuangalia. 1973 chama cha uhifadhi wa mambo ya kale cha Virginia kikainunua, na miaka ya themanini ikafunguliwa kwa watu.

Na hapo ndo nawapa heko kwa dhati, walivyoamua kutoirudisha 1665. Ng'ambo ya mto tu hapo, Williamsburg, kuanzia miaka ya 1920 mwishoni kwa hela za tajiri Rockefeller walirudisha mji mzima kwenye karne ya 18, na ili urudi walibomoa mamia ya majengo yaliyojengwa baadaye, na mengine yaliyokuwa hayapo kabisa wakayajenga upya. Mji umependeza, watalii wanajaa. Lakini ukitembea pale unahisi mtu amekupangia cha kuona. Bacon's Castle wangeweza kabisa kuvunja ekstensheni, kung'oa madirisha, kurudisha vile vioo vya kashata, kufungua mlango wa mnara, na kila mtu angepiga picha. Wakaacha. Dirisha limebaki mahali pa mlango na pembetatu yake juu.

Walichorudisha ni bustani, na hiyo haikuwepo juu ya ardhi, ilifukuliwa. Miaka ya 1980 waakiolojia walichimba shamba lililokuwa limelimwa miaka yote hiyo wakakuta chini ya udongo mistari ya vijia vya mchanga mweupe, bustani kubwa ya miaka ya 1680 hivi, imepimwa kwa kamba, vitanda vya mboga na maua vikubwa kabisa. Leo vijia vimewekwa upya palepale. Sina mengi ya kusema kuhusu bustani, mimi mtu wa kuta, ila wenye kupenda kilimo mtakaa.

Anayetaka kwenda, kama uko Williamsburg panda feri ya Jamestown kwenda Scotland, gati la upande wa Surry, sio ile nchi ya Ulaya, ni bure, na gari linaingia, unavuka ndani ya dakika ishirini hivi halafu unafuata barabara namba 10. Ukitokea Norfolk pitia Smithfield, na karibu na hapo kuna kanisa la tofali la St. Luke's, la karne hiyohiyo ya 17, gebo yake inapanda kwa ngazi badala ya mikunjo, lipitie ili ulinganishe. Angalia kwanza siku wanazofungua maana sio mwaka mzima. Ukifika usikimbilie ndani na kundi, zunguka nje kwanza peke yako, nenda asubuhi au jioni jua likiwa la pembeni, mchana wa saa sita viraka havionekani. Na usiguse ukuta, watakufuata. Mjomba anataka vipimo kamili vya tofali moja, urefu, upana na kimo, alinganishe na kibao chake, kwa hiyo nimewaandikia wahusika kuomba, wakinijibu nitaweka hapa.